Pua

Miaka yote niliyomjua Bibi Mwanshamba
donge hili lilizuia mlango wake:
zito kuliko ukubwa wake, jeusi,
lina vitundu kama mkate wa kumimina ulioungua.
Tulijikwaa nalo, tukalitukana.
Msilitukane, akisema. Huyo ni Mdowe.

Mdowe alikuwa mtoto wa mivukuto,
huko Haubi, kabla ya reli,
kabla majembe ya dukani hayajashushwa kwa mizigo,
kila moja na mhuri wake.
Wakubwa walichota mchanga mweusi korongoni
mvua ikishapita, wakaupeta kama ulezi,
wakakata mitundu, wakachoma makaa,
wakafinyanga tanuri lenye tumbo
na mirija ya udongo ya kulipumulia.
Yeye, kwa kuwa mikono yake haikufaa kwingine,
wakampa ngozi mbili za mbuzi:
hii ikishuka, ile ipande.

Usiache. Hata ukiitwa jina lako, usiache.

Usiku wa pili, jogoo wa kwanza hajawika,
akaacha.

Muda gani, hakuna ajuaye.
Bibi alisema: kama wa kusonga ugali.
Baba yake Mdowe alisema: kama wa kuzika mtu.
Walipobomoa tanuri asubuhi wakakuta hili,
nusu chuma, nusu jiwe, mavi ya chuma yamegandia ubavuni,
na majembe saba ya mahari ya kaka yake
yamo humo humo, hayatoki.
Moto huzaa jivu, wakamwambia,
wakamwambia tena mpaka akaota mvi.
Nasi wote tukaitwa ukoo wa Usingizi.
Hata leo nikichelewa msibani
hakosi mtu wa kukohoa kidogo.

Mimi nachomelea mageti, karibu na stendi ya Kondoa.
Nondo, mabati, springi za Fuso wanazotaka ziwe mapanga.
Chuma sikukisomea. Nimekisikiliza.
Ukikigusisha grainda kinakujibu kwa cheche:
chuma laini hutema nyasi ndefu, nyekundu, zilizonyooka.
Chuma cha pua hupasuka;
hutoa nyota, na kila nyota ina watoto.

Bibi alipofariki wengine walichukua mbuzi.
Mimi nilipewa donge.

Jana, saa kumi, nikalibana kwenye jiliwa.
Upande wa kwanza: vumbi, mavi, kelele tu.
Nikageuza. Nyasi. Sawa, chuma.
Nikageuza tena, kwenye pembe
ambako kipande cha kaa kimeng'ang'ania mpaka leo,
nyuzi za mtundu bado zinahesabika,
na nyota zikaruka.

Nikazima. Nikawasha. Nyota.

Padogo, pa kidole gumba.
Hapatoki panga hapo, labda shazia
ya kushonea magunia.
Lakini ni pua, ile ambayo baba mtu
pengine hakuipata hata mara moja
kwa usiku wote aliokesha.
Imefikaje, sijui. Nadhani makaa yalilala na chuma
na hapakuwa na wa kuwaamsha.

Halafu neno lenyewe. Nani aliamua
kwamba kilicho kigumu kuliko vyuma vyote
kiitwe sawa na kinyama hiki cha kupumulia?
Nilimuuliza Hamduni, kijana wangu wa kazi.
Akafikiri, akapangusa yake kwa mkono:
Labda kwa sababu vyote viwili, fundi, ukivigonga unalia.

Nilitaka kusaga zaidi, nione inazama mpaka wapi.
Umeme ukakatika.
Grainda ikashusha sauti kama mtu anayesinzia,
jiwe likazunguka, likazunguka, likakaa.
Mtaa mzima wa mafundi ukasikika ghafla:
kuku, redio ya betri, mtu anadai chenji.

Hamduni akajinyoosha juu ya mabati ya mteja,
kofia usoni. Kazi ilikuwa ya jioni ile ile.

Sikumwamsha.