Kabla ya Picha

Jana Nevenka alimwogesha Piko mara mbili.
Leo anamfuta tongotongo kwa pamba,
anamkata kucha, anamchana mkia
hadi beseni linajaa manyoya.

"Mvue kola," mpiga picha alisema kwa simu.
Anaivua. Shingoni pamebaki mfereji,
manyoya yaliyolala miaka tisa
kama majani chini ya jiwe.
Analowesha, anachana, anapuliza.
Hayainuki.

Anambeba ngazini
asikanyage theluji ya Maribor.
Mfukoni vipande vya maini,
na kile kifilimbi cha Drago
kisichopulizwa tangu mazishi.

Studio. Taa. Piko anatazama mlango.
Maini hata hayanusi.
Nevenka anapuliza, pumzi inakwama njiani,

masikio yote mawili juu!

Kamera ikalia.
Si kamera peke yake.