Chaji ya Kufikia Nyumbani

Gari lilikuja na lugha yake kutoka Japani.
Kila nikiliwasha, mwanamke ndani ya skrini
ananiambia jambo refu, kwa adabu,
nami, nisiyejua hata neno moja, hujibu:
"Asante. Nawe pia."

Vitufe vitatu, maandishi
kama njiti za kiberiti zilizomwagika.
Wafubwa, fundi wangu wa barabara ya Kirinyaga,
aliniomba plasta za wodini, akavibandika,
akaandika kwa kalamu ya wino:
UMEME. MSETO. WEKA.

"Hiki cha tatu ndicho hamkielewi," akasema.
"Mnaniletea gari mbio: betri imejaa, mbona linakunywa petroli?
Halijaharibika, mama.
Linajinyima."

Mwezi wa kwanza nilikuwa mlafi.
Jioni natoka Ngong na chaji ya tokeni za elfu,
zile nambari ishirini nilizozisoma kwa miwani ya mama,
nabonyeza UMEME, napita Karen
kimya kama paka juu ya ukuta wa jirani.
Kufika Dagoretti Corner, kwisha.
Na alfajiri, nikirudi mlimani,
injini inanguruma hadi getini.
Mama hupata usingizi saa kumi, akibahatika.
Saa kumi na mbili na robo namkuta amekaa kitandani,
"Umefika?"
Kana kwamba mtaa mzima haujasikia.

Julai ukungu uliingia Ngong, haukuaga.
Nikawasha joto nisafishe kioo,
injini nayo ikaamka, juu ya UMEME wangu!
Nikampigia Wafubwa kwa hasira.
"Mama, hicho kitufe ni ombi, si amri."
Siku hizi kioo nakifuta kwa leso.

Nimejifunza polepole.
Mteremko wa Bulbul naweka gia ya B,
gari linajishika, mshale unarudi nyuma,
umeme unarejea kidogokidogo kama chenji.
Kisha WEKA,
na foleni yote ya Ngong Road nailipia petroli
huku akiba yangu imekaa, haiguswi,
usiku kucha kwenye maegesho ya hospitali.

Usiku wa leo watoto wanne.
Wa nne alichelewa kulia.
Watu husema kimya ni raha;
waje wodini wasimame nami
katika kimya cha dakika moja na nusu,
kidole changu kikimsugua mgongo.

Alilia. Nikaandika saa. Nikanawa mikono.

Sasa ni Bulbul tena, napanda, taa za dukani bado zawaka.
Plasta ya kwanza imeanza kubanduka pembeni.
Naibonyeza.
Injini inakata neno katikati.
Kilomita sita, mguu mwepesi kama naukanyagia yai,
changarawe tu chini ya magurudumu,
geti nililolipaka mafuta jana,
pazia la mama halijatikisika.

Nazima.
Mwanamke wa skrini anasema jambo lake refu.
"Shh," namwambia.
Kisha, kwa sauti ya chini, "Nawe pia."