Daftari la Kilo

Baba yangu Aminieli alikuwa karani wa mizani
kwenye ghala la buni, Mbokomu, juu ya Moshi,
msimu ule bei ilipopanda na watu wakaezeka bati jipya.

Wakamwambia: gunia la mjane lipunguze kilo mbili.
Mbili tu, Aminieli. Nani atahesabu?
Akafuta mikono kwenye koti lake la kaki,
akasema, Aliyeniona nikibatizwa
hajasinzia bado.

Wakacheka. Tangu siku ile jina lake likawa Mtakatifu.
Hata watoto wa shule walilijua:
Mtakatifu, nipimie kichwa changu!

Kabla ya Pasaka magunia kumi na saba hayakuonekana.
Sahihi ilikuwa yake, mkono haukuwa wake.
Hakimu akauliza kama ana la kusema.
Alikuwa nalo, akalisema,
na karani wa mahakama hakuinua kalamu.

Karanga, miezi kumi na minane.
Mama akishuka kwa miguu kila Jumamosi
na ndizi za kuchoma ndani ya kitenge.
Njiani alikutana na wanawake alioimba nao kwaya,
wakageuka ghafla kutazama migomba
kana kwamba hawajawahi kuona mgomba.

Usiku mmoja mibuni yetu ikakatwa.
Mia moja arobaini. Mama aliihesabu gizani
kwa kushika kisiki kimoja kimoja.
Kisha mfongo ukageuzwa huko juu,
na maji yakasahau njia ya kihamba chetu.

Aliporudi, baraza la wazee lilimwita:
aliyefungwa hashiki sahani ya sadaka.
Akasema, Haya.
Akahamia benchi la nyuma, chini ya bati linalovuja.
Ila kila Jumapili, kabla jogoo hajamaliza,
alikuwa ameshafagia majani ya mgrivea uani,
akarudi nyumbani kunawa.
Watu walidhani kanisa letu lina upepo mwema.

Siku ya jubilei walisoma majina ya waliolitumikia.
Niliisubiri herufi A.
A ikapita kama gari lisilosimama kituo chetu.
Nikamkuta nyuma, jikoni, akikoroga mtori wa wageni,
macho mekundu, kwa moshi, alisema.
Mimi nilikuwa nalia kwa hasira.
Akanipa mwiko. Koroga, utaungua chini.

Nikisema hakuumia nitakuwa mwongo.
Nilimsikia usiku, nyuma ya ukuta wa mbao,
akimuuliza Mungu maswali kwa Kichaga,
lugha ambayo hakuitumia kanisani,
na Mungu, niliyemsikiliza pia kwa makini,
hakujibu neno.
Asubuhi alichukua ufagio.

Halafu mwenyekiti akaugua, yule wa magunia.
Baba akakata jani la sale mpakani,
akalifunga fundo, akavaa koti.
Nikasimama mlangoni: Baba, mila haiko hivyo!
Aliyekosa ndiye anayebeba sale.
Akanisogeza taratibu kwa bega.
Najua, mwanangu.
Nimechoka kumsubiri.

Walichosema huko ndani sikijui.
Mwenyekiti alizikwa na matarumbeta,
mbunge alikuja, risala ilikuwa ndefu.
Baba tulimzika Jumanne ya mvua, watu wachache,
mchungaji akakosea mwaka wake wa kuzaliwa.

Nilifungua sanduku lake la bati
nikitafuta utetezi, barua, jina la mwongo.
Kulikuwa na daftari moja la shule.
Wajane wote wa msimu ule, mstari kwa mstari:
Ndeonasia, arobaini na tatu na nusu.
Mama Elinisafi, thelathini na tisa.
Kilo zao kamili, robo hata moja haikupungua.

Yeye mwenyewe hakujiandika popote,
ila ukurasa wa mwisho, kwa penseli,
tarehe ya wiki moja baada ya lile jani:

Leo mfongo umefika.
Maji kidogo, yana tope.
Yamefika.