Mgeni Kwanza

Jumamosi ya kwanza nilifika Hombolo
na kayamba jipya, bei yake bado imebandikwa mgongoni.
Nikasema "Mbukwenyi" kwa sauti ya mtu wa ofisi ya ardhi,
nikakalia kigoda kilichokuwa wazi kando ya nguzo.
Hakuna aliyesema neno.
Sechelela alifagia chini ya miguu yangu
mara tatu, mahali pasipo na taka,
mpaka nikahama mwenyewe.
Kigoda ni cha Ndahani. Ndahani yuko Itigi kwa binti yake,
mwaka wa pili sasa. Kigoda bado ni chake.

Kisha Chibehe akaanza kukaza nyuzi za zeze.
Alikaza hadi mbuzi wa jirani wakalala.
Alipotulia nikapiga makofi.
"Asante," akasema, "huo ulikuwa mrefu.
Sasa tupige mfupi."

Wakapiga. Marimba mbili, zeze, na ngoma ya Nyemo
aliyoibana mapajani kama mtoto anayekataa dawa.
Nami nikatia kayamba. Nikatia kwa moyo wote,
kama mtu anayepepeta mawe.
Ghafla kibuyu cha ujimbi kikanifikia,
kimejaa hadi mdomoni, cha kushikwa kwa mikono miwili.
"Mgeni kwanza," wakasema. Nikanywa.
Nilipokiweka chini, kikajazwa tena.
Usiku nilimwambia mke wangu:
watu wa Hombolo wanajua kuheshimu mtu!

Niliheshimiwa msimu mzima.

Wakati wa mavuno ya zabibu akaja fundi wa pampu, na filimbi,
akauliza kama wanaijua ile inayopigwa redioni.
"Tunaijua," akasema Chibehe, "ila zeze halijasoma."
Fundi akapuliza hata hivyo.
Fundi akapewa kibuyu.
Nikamtazama alivyokikumbatia, viganja vyote viwili,
filimbi imelala mchangani,
wimbo ukipita juu ya kichwa chake bila kikwazo,
na joto likanipanda masikioni.
Nikatafuta macho ya Nyemo. Alikuwa akitazama dari,
mabega yakimtetemeka.

Sikuacha kwenda. Nilienda mikono mitupu.
Kayamba likabaki nyuma ya mtungi, kuku akalifanya kitanda.
Nikajua kuni zinakaa wapi,
na nani hapendi kuulizwa wimbo unaitwaje.
Nikajua wimbo ukiisha huachwa upoe kidogo
kama uji wa mgonjwa,
na kwamba Chibehe akikosea, wote hukosea naye
mpaka kosa linakuwa njia.

Juzi, vumbi likinukia mvua ya kwanza,
kibuyu kilitoka kwa Sechelela, kikaenda kwa fundi,
kikaja kwangu, kikanipita.
Mikono yangu ilibaki hewani, kiu imenikaba,
nikijiuliza nimemkosea nani.
Nyemo akanisukumia kayamba kwa kidole cha mguu.
Lile lile. Unyoya mmoja, na bei bado mgongoni.
"Polepole," akasema.
"Na usitusaidie sana."