Handaki la Kwenda Cochrane

Nilipewa matawi manne na wiki moja:
Coyhaique, penye seva na jiko la kuni,
Puerto Aysén, penye mvua isiyojua Jumapili,
Chile Chico, ng'ambo ya ziwa, penye micheri,
na Cochrane, mwisho wa changarawe,
ambako Nibaldo Huenteo hupima sufu,
huuza dawa ya kuogeshea kondoo,
na kwa siku tano zile alikuwa pia mikono yangu.

"Chomeka waya wa bluu tundu la pili," namwambia kwa simu.
"La pili kutoka wapi?"
Swali zuri. Sikuwa na jibu.

VPN, nilimweleza Bi Edelmira wa hesabu,
ni handaki lisilochimbwa.
Maneno yako yanakatiza sokoni,
katikati ya wezi na wapita njia,
yamejifunika gubigubi,
asijue mtu kama ni leja au salamu.
Akashusha miwani.
"Na bahasha yangu?"

Maana kwa miaka kumi na tisa
hesabu za Cochrane zilikuja kwa basi la Alhamisi,
ndani ya bahasha ya kaki, chini ya kiti cha dereva.
Sikumjibu. Nilikuwa na anwani za kugawa.

Aysén na Chile Chico walikuwa na namba moja.
Aliyefunga ruta zao zamani alizitoa kwenye boksi
akaziacha zilivyozaliwa:
192.168.1, huku na kule.
Ukimwita Chile Chico ukiwa Aysén,
Aysén anajiitikia mwenyewe.
Nikakesha nikibadilisha, kompyuta kwa kompyuta,
hadi printa ya risiti,
hadi mizani ya umeme
ambayo nywila yake ilistaafu na mwenyewe.

Siku ya nne, matatu yakashikana mikono.
Cochrane ikakataa.
Nikasoma ufunguo herufi kwa herufi,
Nibaldo akiurudia juu ya kelele za upepo.
Ulikuwa ule ule.
*Cheti hiki bado hakijaanza kutumika*, ilisema ruta.
Bado? Nilikitengeneza Jumatatu!
"Nibaldo, hicho kidude kinadai leo tarehe ngapi?"
Kimya. Kisha kicheko.
"Mosi Januari, elfu moja mia tisa sabini."

Betri ndogo kama kifungo cha shati ilikuwa imekufa,
na kila umeme ulipokatika
ruta iliamka kabla wengi wetu hatujazaliwa,
ikautazama ufunguo wetu
kama ndoto ya watu wasiokuwapo.

Tukaiwekea saa. Handaki likafunguka.
Taa ya kijani tu, na namba:
milisekunde arobaini na moja.
Basi huchukua saa saba.

Meneja akaomba ripoti.
Bi Edelmira akaifungua leja ya Cochrane kwenye kioo chake,
akaipandisha, akaishusha.
"Karatasi ya mwisho iko wapi?"
Karatasi gani?
Akavuta droo. Vipande mia na kitu,
mwandiko wa Nibaldo nyuma ya risiti za dawa ya kupe:

Theluji imefika kwenye uzio.
Samahani kwa doa, ni mafuta ya kondoo.
Mama amekula leo.
Mama hajaamka.

Barua ni nusu ya kuonana,
nami nilikuwa nimeifuta nusu hiyo
kwa taa ya kijani.

Basi nikamwonyesha orodha ya printa,
ya Cochrane ikiwa ya nne, chini kabisa.
Akaandika mstari mmoja, kwa kidole kimoja,
akabonyeza.

Dakika haikupita, simu ikalia.
"Fundi, hii printa imeamka yenyewe," akasema Nibaldo.
"Inaniuliza kama nimevaa soksi."

Kanuni za usalama zinasema
printa za matawi zifungiwe zisionane.
Kanuni hizo niliziandika mimi.
Ule mstari wa saba
niliuruka.