Namba Kumi

Nati ya paipu ya breki ni ndogo
kuliko ukucha wa kidole changu cha mwisho.
Ina pembe sita, na kila pembe ina kinyongo.

Hapa Ngamiani chumvi haibishi hodi.
Inatoka Raskazone, inapita chini ya magari,
inalala kwenye nyuzi za nati
hata nati isahau kama iliwahi kuzunguka.

Kanta ya Shekiondo ilikuja na kabichi za Lushoto.
Kona zote za Soni kaziteremka kwa gia na dua,
tairi la mbele kushoto linalia mafuta.
"Dakika kumi tu, Mwantumu. Kabichi hazingoji."

Nilikuwa na miezi mitatu gereji.
Nikashika spana malaya.
Ndivyo inavyoitwa, jina sikulitoa mimi.
Wavulana walicheka kuona imo mkononi mwangu,
mimi na ushungi wangu niliofunga kisogoni
usije ukavutwa na feni.

Spana haina tabia, nasema mpaka leo.
Mdomo wake tu ulibaki na nafasi,
unene wa unywele,
na unywele huo ulitosha.
Nikavuta. Ikateleza.
Nikavuta tena kwa hasira ya kuchekwa,
pembe zikamomonyoka kama sukari guru
na vifundo vyangu vikagonga chasisi.

Fundi Mhando hakunigombeza.
Aliniagizia chai, ya Shekiondo na ya kwangu,
akaingia chini ya gari mwenyewe
na msumeno, na koleo, na matusi ya Kizigua,
akatoka adhuhuri imepita.
Kabichi zilishaanza kunuka.

Ndipo akanionyesha ringi yenye pengo,
kama kinywa cha mtoto wa darasa la kwanza:
paipu inapita penye pengo,
kisha ringi inaikumbatia nati
pembe tano kwa mpigo.
Na ya pili, namba kumi na saba,
ishike kichwa cha mpira upande wa pili,
maana ukikaza kwa spana moja
mpira nao unajisokota,
utapasuka siku nyingine, kwenye kona nyingine,
na wewe utakuwa kwako umelala.

"Ikigoma, simama," alisema. "Shaba haipendi ubabe."

Leo sanduku ni langu, na deni la sanduku ni langu.
Ile nati ya mviringo ninayo,
imo kwenye kopo la maziwa pamoja na washa.
Kijana mpya akiuliza ni ya gari gani
namwambia: ya kwangu.

Shekiondo bado hunipa dakika kumi.
Nampa mguu wake kazi: kanyaga, shikilia, usiachie.
Nalala chini na tochi mdomoni,
napitisha kidole kwenye maungio.

Kikavu.
Napitisha tena.