Safu ya Mwisho ya Daftari

Saa moja asubuhi tunapanda kilima, mimi na Tarieli,
yeye na darubini yake ya miguu mitatu, mimi na chupa ya chai,
mkate wa mahindi, na kidude cha chuma
kinachosema ka kila kidole gumba kikikibonyeza.
Chini yetu Bahari Nyeusi haina weusi wowote,
ina rangi ya sufuria iliyosuguliwa kwa majivu.
Nyuma, milima ya Ajaria imejifunika ukungu hadi kidevuni,
na ndege wa kaskazini, wasiopenda maji mapana
wala theluji ya vilele,
hawana njia nyingine ila upenyo huu, juu ya vichwa vyetu.

Mpaka saa tatu, sifuri.
Sifuri nayo huandikwa.
Tarieli huichora vizuri, kama yai.

Kisha jua linapasha moto mashamba ya chai yaliyotelekezwa,
hewa inaanza kupanda, nao wamo ndani yake:
kwanza punje, pilipili manga iliyomwagika,
halafu mchirizi,
halafu mto mzima unaotiririka kwenda juu.
Wala-nyigu! anaita Tarieli. Wewe chukua kushoto kwa mnara!
Ka ka ka ka.
Siwaoni tena kama ndege, naomba radhi kusema hivyo.
Ni makumi. Kumi ni ka moja.
Mwewe weusi wana safu yao, tai wenye madoa safu yao,
na kozi, wadogo, wenye haraka ya mtu aliyeacha chungu jikoni,
hao nawahesabu mmoja mmoja
kwa ajili ya baba.

Baba alikuwa mtu wa kozi.
Kila vuli alinasa mmoja kwa wavu,
akakesha naye usiku saba,
akambeba juu ya ngumi kila aendako, hata msibani,
mpaka ndege akachoka kumwogopa.
Wakawinda tomboro majuma matano.
Baridi ilipobisha hodi, alimpeleka ukingoni mwa mahindi,
akamfungua kamba,
akageuka asimwone akienda.
Kaka yangu Ushangi hakurithi ngumi ile.
Alirithi bunduki.

Saa nane na dakika kumi: mlio.
Tarieli ananitazama, kisha anatazama viatu vyake.
Daftari lina safu ya mwisho, nyembamba,
hakuna anayependa kuijaza:
Risasi. Ngapi. Upande gani.
Kila bunduki ina kikohozi chake.
Hiki nakijua tangu meno ya utoto,
hukohoa mara moja, kisha husafisha koo bondeni.
Mto wa juu unatikisika, unajikunja, unaunga tena.
Damu nzito kuliko maji, ndivyo wasemavyo.
Kuhusu wino sijawasikia wakisema kitu.
Naandika: Moja. Mashariki. Bonde letu.
Kalamu inakwama kwenye "letu".
Siifuti.

Jioni Ushangi amepasua kuni
nyingi kuliko zinavyohitajika kwa usiku mmoja,
amezipanga ukutani kama mtu anayesubiri kukaguliwa.
Nyumba inanukia giligilani na vitunguu saumu.
Sifunui sufuria.
Anakata mkate, ananipa kipande cha pembeni,
kile kilichoungua kidogo, nikipendacho.
"Leo wangapi?"
Huuliza kila siku, kama aulizaye bei
ya kitu asichokusudia kununua.
"Elfu kumi na nne, mia tatu na sita."
Anatafuna. Anatazama mkono wake mezani,
anaufumba ngumi, anaufumbua.
"Na mmoja," anasema.

"Nimeshamwandika."

Mvua inaanza kugonga bati, matone machache kwanza,
yanayohesabika.
Chumvi iko upande wake.
Anaisukuma.